Wavu wa mbu wa dirishani: jinsi ya kuuosha, kuuziba na kuutunza

Ukipita Nakivale wakati wa kiangazi, angalia madirisha ya nyumba zilizo kando ya barabara. Wavu uliowekwa ukiwa wa kijivu au wa kijani sasa una rangi ya udongo mwekundu. Malori, pikipiki na upepo wa mchana vimeujaza vumbi, na moshi wa jikoni umelishikisha vumbi hilo kama gundi. Kinachofuata kinajulikana. Mtu wa nyumba anasikia joto, anaona chumba kina giza, anachukua kisu na kuukata wavu, au anaubandua upande mmoja ili apate hewa kidogo. Jioni mbu wanaingia hapo hapo.

Nyavu nyingi haziharibiki kwa kutu wala kwa uzee. Zinaharibiwa na sisi wenyewe kwa sababu zimekuwa chafu na zimezuia hewa. Wavu ukioshwa, hewa inapita, na hakuna mtu anayetamani kuukata. Ndiyo maana makala hii inaanza na kuosha, kisha inaeleza namna ya kuziba matundu, kufunga kingo, na kutumia chandarua cha zamani dirishani bila kujidhuru. Imeandikwa kwa kuangalia nyumba za makazi ya wakimbizi ya kusini-magharibi mwa Uganda, yaani nyumba za udongo au matofali zenye paa la mabati au turubai. Mengi yake yatakufaa hata kama unaishi kwingine.

Wengine huuita waya wa mbu, wengine neti. Hapa tutasema wavu kwa ule wa dirishani, na chandarua kwa kile cha kitandani.

Wavu unasaidia kiasi gani?

Mbu wanaoeneza malaria, jamii ya Anofelesi, huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, na wengi wao huuma usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Huingia kwa mlango, kwa dirisha, na kwa ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Kuwazuia wasiingie ni wazo la zamani. Mwaka 1900 madaktari Louis Sambon na George Low waliishi katika kibanda chenye nyavu kwenye nchi ya mabwawa karibu na Roma, Italia, katika msimu wa malaria. Mchana walitembea popote, na kila jioni walijifungia ndani kabla mbu hawajatoka. Walimaliza msimu bila kuugua malaria, ingawa majirani zao waliugua.

Karibu na sisi zaidi, utafiti uliofanyika katika eneo la Farafenni nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulilinganisha nyumba zilizowekewa nyavu na zile zisizowekewa. Katika nyumba zilizozibwa madirisha, milango na mwanya wa paa, mbu waliokamatwa ndani walipungua kwa karibu asilimia 59. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 19, na katika nyumba zisizo na nyavu walikuwa asilimia 30. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka nyavu za nyumba katika mwongozo wake wa malaria.

Soma vizuri lakini: zilizopimwa ni nyavu nzima. Wavu wenye tundu la ngumi hauzuii mbu kwa sehemu. Mbu huvutwa na harufu na pumzi za watu zinazotoka ndani, naye hutembea juu ya wavu akitafuta pa kupita mpaka apaone.

Jua kwanza wavu wako ni wa aina gani

Namna ya kuosha inategemea wavu umetengenezwa kwa kitu gani. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, uiweke kwenye wavu. Ikishika, wavu wako ni wa chuma kilichopakwa zinki. Huo ni imara, lakini zinki ikikwanguka kutu huanza. Isiposhika na wavu unang'aa kama sufuria, ni aluminiamu: haushiki kutu, ila ukikunjwa alama haitoki na nyuzi zake hukatika upesi. Ukiwa laini, unakunjika kama kitambaa na kurudi, ni wa plastiki au wa nyuzi za kioo zilizofunikwa plastiki. Huo hauna kutu kabisa, lakini moto unauyeyusha na kucha za paka zinauchana.

Aina ya nne ni kipande cha chandarua kilichopigiliwa misumari dirishani. Hicho kina kanuni zake, tutazifikia.

Kama unanunua mpya kwenye duka la vifaa vya ujenzi, beba rula. Wavu wa kawaida wa mbu una nyuzi kati ya 16 na 18 katika kila inchi moja. Ule wa kufugia kuku, na ule wa kivuli wa kwenye vitalu vya miche, haufai hata ukiwa wa bei nafuu. Kipimo cha haraka ni njiti ya kiberiti: mahali ambapo kichwa chake kinapita, mbu naye atapita.

Kuosha kwa maji machache

Hakuna mtu atakayepanga foleni kwenye bomba ili aoshe dirisha, na hatuombi hivyo. Dirisha moja la kawaida linahitaji lita tatu hadi tano tu, na yanaweza kuwa maji ya mwisho ya kusuuzia nguo, mradi hayana mchanga. Kinachookoa maji ni kuondoa vumbi kavu kwanza. Ukimwagia maji wavu uliojaa vumbi unatengeneza tope, na tope likikauka ndani ya vitundu litakusumbua kuliko vumbi lenyewe.

Kwa hiyo anza na brashi laini au ufagio mdogo wa nyasi. Piga taratibu kutoka ndani kwenda nje, ukianzia juu. Ondoa kwanza vitanda, sufuria na chakula karibu na dirisha, na ufunge kitambaa puani, hasa kama una pumu au kikohozi. Watoto wachanga watolewe nje. Vumbi la nyumba iliyopikiwa ndani miezi mingi si kitu cha kuvuta.

Kama wavu uko kwenye fremu inayotoka, uko katika bahati. Utoe, uulaze juu ya mkeka au turubai safi, usiusimamishe kwenye udongo. Changanya sabuni kidogo katika maji, ya unga au ya kipande iliyokwanguliwa. Lowesha, subiri dakika tano, kisha sugua kwa mswaki wa zamani au sponji kwa kuzungusha mkono polepole, upande mmoja kisha wa pili. Usikandamize. Wavu wa fremu ukikandamizwa katikati hulegea, na ukilegea unaachia misumari ya pembeni. Suuza kwa kumwaga maji kutoka upande uliokuwa ndani ya nyumba, ili uchafu utoke ulikoingilia. Usimamishe kivulini ukauke. Wa chuma usiurudishe ukiwa na maji, kwa kuwa maji hubaki kwenye ubao wa chini na kutu huanzia hapo.

Nyumba nyingi lakini zina wavu uliopigiliwa moja kwa moja kwenye fremu ya dirisha. Usiubandue kwa ajili ya kuuosha. Kila ukiung'oa misumari inaacha matundu makubwa zaidi. Fanyeni watu wawili. Mmoja asimame ndani na kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, akikishikilia dhidi ya wavu, na mwingine awe nje akisugua kwa brashi yenye sabuni. Kitambaa kinafyonza maji machafu yasimwagike ukutani. Hilo ni muhimu kwenye nyumba ya udongo, kwa sababu maji yakiteremka chini ya dirisha kila mara, udongo unamomonyoka na fremu inaanza kucheza. Ukiwa peke yako unaweza kufanya pande mbili kwa zamu, ila itachukua muda zaidi.

Masizi ya moshi ni jambo jingine. Yana mafuta, na maji baridi hayayatoi. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo au ya kipande, acha dakika kumi, sugua, rudia. Mara ya kwanza wavu wa jikoni unaweza kukuchosha. Ukishautakasa mara moja na ukaufuta kila wiki mbili, hautarudi hali ile.

Vitu vya kuepuka

Majivu na mchanga husafisha sufuria vizuri na huharibu wavu vizuri vilevile. Vinakwangua zinki, na majivu yakilowa hula aluminiamu. Waya wa kusugulia vyombo ni hivyo hivyo. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo inapunguza maisha ya nyuzi za chandarua na inakula chuma. Tena usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia chumbani, mvuke wake unaweza kukudhuru mapafu. Petroli na mafuta ya taa yanatoa masizi haraka, ni kweli, lakini wavu uliofutwa kwa petroli karibu na jiko au kibatari ni hatari ya moto. Wapo pia wanaopitisha moto wa karatasi juu ya wavu wa chuma kuchoma utando wa buibui. Zinki inaungua, na baada ya mvua moja wavu unakuwa mwekundu wa kutu.

Matundu yanatoka wapi

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukizunguka nyumba kumi ukaangalia matundu, utaona yako mahali palepale.

La kwanza ni tundu la mkono. Madirisha yetu mengi yana ubao unaofunguka kwenda nje, na wavu uko ndani. Jioni unataka kuvuta ubao ufunge. Utaufikiaje? Wavu umekuzuia. Basi mtu anakata sehemu ya kupitisha mkono kwenye pembe, na pembe ile inakunjuliwa na kukunjwa kila siku mpaka inachanika. Fundi aliyeweka dirisha hakufikiria jambo hili, na aliyelala ndani ndiye anayelipa. Lawama haizibi tundu, kwa hiyo fanya hivi: toboa fremu ya mbao, si wavu, tundu dogo la kupitisha kamba au waya. Funga upande mmoja kwenye ubao wa dirisha kwa nje, ulete upande wa pili ndani na uufunge kijiti. Ukivuta kijiti dirisha linafunga, na unakizungusha kwenye msumari ulio ukutani. Kufungua, unausukuma ubao kwa fito nyembamba inayopita katika tundu lile lile. Mwenye uwezo atengeneze fremu ya wavu yenye bawaba, ifunguke kwa ndani kama mlango mdogo. Fremu hiyo ina faida nyingine: moto ukitokea usiku, unatoka kwa dirisha bila kupambana na misumari.

La pili ni waya wa sola. Paneli ndogo iko juu ya paa, taa na simu ziko ndani, na njia iliyo rahisi ni kuusukuma waya katikati ya wavu. Tundu linaanza dogo, upepo unautikisa waya, na baada ya miezi miwili kidole gumba kinapita. Pitisha waya huo kwenye fremu au ukutani, kisha uzibe nafasi inayobaki kwa udongo wa mfinyanzi au kipande cha mpira wa baiskeli. Waya wa antena ya redio nao ufuate njia hiyo.

Mengine ni ya kawaida: watoto na vijiti, kuku wanaolala kwenye kizingiti, mbuzi anayejikuna, na kabati au gunia la mahindi lililoegemezwa dirishani.

Kuziba

Tundu dogo lisilozidi punje ya mahindi, kwenye wavu wa chuma, linaweza kufungwa bila kiraka. Tumia msumari mwembamba kusogeza nyuzi zilizo jirani mpaka zikaribiane. Kwenye wavu wa plastiki, tone moja la gundi ya haraka au rangi ya kucha linatosha. Weka tabaka mbili na uache ikauke. Nta ya mshumaa haisaidii, jua la saa sita linaiyeyusha.

Tundu kubwa linahitaji kiraka cha wavu wa aina ileile. Kata kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita tatu kila upande. Kwa chuma na aluminiamu, chomoa nyuzi mbili au tatu za pembeni za kiraka pande zote nne ili nchani zibaki kama vidole. Kunja vidole hivyo, vipitishe kwenye wavu, kisha mtu wa upande wa pili avikunje vilale. Hakuna uzi wala gundi, na kiraka kinashika. Angalia tu visibaki vimesimama, vitachoma mikono ya watoto.

Kwa plastiki na chandarua, shona kwa uzi wa nailoni na sindano ya kawaida. Anza sentimita moja nje ya tundu ambako wavu bado una nguvu, zunguka kwa mishono midogo, na umalize kwa fundo mbili. Uzi wa pamba huoza msimu mmoja wa mvua ukiisha. Kushona tundu kwa kulivuta likunjamane ni haraka, lakini wavu unakazwa upande mmoja na tundu jipya linatokea pembeni ya fundo. Kiraka ni bora.

Kama wavu wa chuma ukiugusa unamung'unyika na kuacha unga wa kahawia mkononi, usipoteze uzi. Huo umekwisha. Okoa vipande vizima vilivyobaki, huwa vipo juu ya dirisha ambako mvua haifiki, uvitunze kwa viraka.

Kingo na fremu

Wavu mzima uliofungwa vibaya ni sawa na wavu wenye tundu refu. Funga ubao wa dirisha na mlango mchana, kaa gizani dakika mbili macho yazoee, kisha angalia mwanga unaopita kati ya fremu na ukuta. Palipo na mstari wa mwanga, ziba kwa udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, au kwa saruji kidogo kama ipo. Udongo mtupu ukikauka unapasuka.

Wengi wetu tunapigilia wavu kwa msumari na kizibo cha soda. Ni ujanja mzuri, ila kizibo kina meno na kinashika kutu, hivyo upepo ukivuma kinaukata wavu taratibu kama msumeno. Weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kati ya kizibo na wavu. Bora zaidi ni kukunja ukingo wa wavu mara mbili, kulaza juu yake utepe wa mpira huo kuzunguka dirisha lote, kisha kupigilia ufito mwembamba wa mbao juu ya mpira. Misumari iachane kiasi cha upana wa kiganja. Wavu unashikwa urefu wote, wala hauning'inii kwenye misumari sita tu.

Fremu za mikaratusi iliyokatwa juzi hujipinda zikikauka. Ukiweza, acha mbao zikauke kivulini wiki kadhaa kabla ya kutengeneza. Kwa mchwa, oili chafu ya pikipiki iliyopakwa upande unaogusa ukuta inasaidia, mradi isiguse wavu wala mikono ya watoto.

Na ule mwanya wa chini ya paa? Kusema kweli, ndio mlango mkubwa wa mbu katika nyumba nyingi. Dirisha likiwa na wavu mzuri na mwanya ukabaki wazi, umefanya nusu ya kazi. Usiuzibe kwa udongo wote kama unapikia ndani au kama nyumba haina pengine pa kutolea joto. Uwekee wavu, ili hewa itoke na mbu wabaki nje. Wavu wa hapo nao hujaa masizi, na kwa kuwa hauonekani unasahaulika. Ufute unapofuta madirisha.

Jiko la makaa, babula kama wengi tunavyoliita, lisilale ndani hata dirisha likiwa wazi na wavu ukiwa safi. Makaa yanayoelekea kuzima hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini.

Chandarua cha zamani dirishani

Chandarua kipya ulichopewa kwenye kampeni ya ugawaji ni cha kulalia. Usikikate kwa ajili ya dirisha, hata kama familia ilipata kimoja zaidi. Kina dawa ya kuua mbu, na kinafanya kazi zaidi kikiwa karibu na mtu aliyelala. Kinachofaa kwenda dirishani au kwenye mwanya wa paa ni kile kilichochakaa kisichoweza tena kulaliwa, na ambacho tayari umepata kingine badala yake. Hapo kukitumia si kosa, ni bora kuliko kukitupa au kukichoma. Kikunje mara mbili ili matundu ya tabaka moja yafunikwe na tabaka jingine, kisha ukifunge kwa ufito kama tulivyoeleza.

Kukiosha, tumia beseni, sabuni ya kipande na maji baridi. Kisugue kwa mikono tu, na ukianike kivulini kwa sababu jua linadhoofisha dawa iliyobaki na nyuzi pia. Maji yake usiyamwage kwenye mfereji, kisimani wala ziwani. Dawa za vyandarua ni sumu kwa samaki, na Ziwa Nakivale ndilo linalowalisha wengi wetu. Yamwage kwenye choo cha shimo, au kwenye shimo lililo mbali na maji. Kwa sababu hiyo hiyo, chandarua kizee kisigeuzwe kuwa wavu wa kuvulia.

Wavu wa dirishani hauondoi chandarua cha kitandani. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito ndio wanaoumizwa zaidi na malaria, nao walale ndani ya chandarua hata katika nyumba iliyozibwa vizuri. Mtu akipata homa usisubiri kwa kudhani mbu hawakuingia. Mpeleke kwa mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) au kwenye kituo cha afya apimwe ndani ya saa 24.

Lini kufanya nini

Mara moja kwa wiki mbili piga vumbi kwa brashi kavu. Ni kazi ya dakika chache, na mtoto mkubwa anaweza kuifanya. Kuosha kwa sabuni kufanyike walau mara nne kwa mwaka, na mara mbili kati ya hizo ziwe kabla ya mvua: mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Agosti. Wakati huo wavu umebeba vumbi la kiangazi kizima, na mbu wataongezeka madimbwi yakijaa. Osha asubuhi, kagua matundu wavu ukiwa umelowa kwa sababu maji hubaki kwenye vitundu vizima na huonyesha palipochanika, kisha ziba siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nyumba iliyo karibu na barabara au inayopikiwa ndani itahitaji kuoshwa kila mwezi.

Tafuta mfuko mmoja wa plastiki, utie sindano, uzi wa nailoni, vipande vya wavu, utepe wa mpira na misumari kadhaa, uutundike nyuma ya mlango. Tundu linaloonekana Jumatatu lizibwe Jumatatu, kabla kidole cha mtoto hakijaligundua.